Mashine ya betri yasema 162, ya kupampu yasema 140: niamini ipi?

Sista, pokea salamu zangu kutoka Kaptembwo, Nakuru.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu tulipogawiwa mikoba ya kazi mwaka wa 2023, nimekuwa nikizunguka nyumba kama mia moja nikiwa na mashine ya presha ya betri, ile unayofunga mkanda mkononi, unabonyeza, inajijaza yenyewe na kuandika namba. Kazi hii naipenda. Lakini sasa imeniletea aibu, na nimekosa wa kumuuliza.

Kuna mama mboga wa ploti jirani, ana miaka 58, mwenye mwili. Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametoka sokoni, ameteremsha gunia la kabeji mbele ya kibanda chake. Nikamwambia hebu nikupime. Akaketi juu ya kreti ya soda, nikamfunga mkanda juu ya sweta, tukawa tunapiga gumzo huku mashine ikifanya kazi. Ikatoa 162/94. Nikashtuka, nikarudia papo hapo: 158/92. Nikamwandikia fomu ya rufaa.

Kesho yake akaacha kibanda, akaenda kituo cha afya, akakaa kwenye foleni kutoka saa mbili hadi karibu saa nne. Daktari akampima kwa ile ya kupampu na stetoskopu, akapata 140/80. Akamwambia, “Mama uko sawa, enda nyumbani.” Kisha akasema watu wote wa benchi wakisikia kwamba mashine za betri tunazopewa sisi ni za kubahatisha, presha hupimwa kwa masikio.

Mama alirudi amekasirika. Amepoteza siku ya biashara na nauli, na usiku mzima alikuwa hajalala akidhani atapooza. Kufika jioni ploti nzima ilikuwa imejua. Siku hizi nikibisha mlango watu huniuliza kama nimekuja na ile redio yangu. Kuna nyumba nne zimekataa kupimwa kabisa.

Si hilo tu. Kuna mzee wa miaka 71 ambaye kila nikimpima mashine huandika kosa. Mwezi uliopita ilikubali baada ya kujaribu mara kadhaa, nikapata namba ya juu 118, halafu 151, halafu 134, yote ndani ya dakika kumi. Mzee akaniambia niipeleke kwa fundi wa simu.

Sista, niambie ukweli. Je, ya mkono ndiyo sahihi na hii yangu inadanganya? Niirudishe? Kuna duka la vifaa mjini nimeona ya kupampu, nikijinyima posho ya miezi kadhaa naweza kuinunua, ila sijafundishwa kuitumia. Kinachoninyima usingizi ni hiki: ni wangapi niliowatuma bure, na ni wangapi niliowaambia wako sawa kumbe hawako sawa?

Mwenye Mashine ya Betri, Nakuru

---

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijagusa habari ya mashine nataka turudi kwenye zile namba, kwa sababu naona kila mtu amezipita mbio. Daktari alipata 140 juu. Mama akaambiwa yuko sawa. Lakini 140 ndio mstari wenyewe! Mtu mzima akipimwa kituoni na namba ya juu ikafika 140, au ya chini ikafika 90, haambiwi ana presha siku hiyo, na wala haambiwi hana. Hupewa siku nyingine arudi apimwe tena, ikirudia ndipo mazungumzo ya dawa yaanze. Kwa hiyo mashine yako na ya daktari zilitofautiana sana kwa namba, ila zote mbili zilimtaka mama huyu apimwe tena. Rufaa yako ilikuwa halali. Aliyestahili kurudi akaambiwa asirudi, na hapo ndipo penye hatari, hata kuliko jina la redio ulilopewa.

Tazama pia hizo sifuri. 140/80. Saa ya mashine ya kupampu ina mistari ya mbilimbili: 136, 138, 140, 142. Anayesikiliza na kusoma kwa makini ataandika 138 siku moja na 144 siku nyingine. Sifuri mbili kwa pamoja zinaweza kuwa kweli, bila shaka, lakini mara nyingi huwa ni mkono uliochoka unaokata namba kuifikisha mahali pazuri. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi moja nilipokea zamu nikakuta faili za wodi nzima zimeandikwa 120/80, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, akiwemo mama ambaye saa moja baadaye tulimkuta na 190. Hakuna mashine ya betri iliyowahi kunifanyia hivyo. Uzembe ule ulikuwa wa binadamu, na ulifanyika kwa kifaa ambacho sote tulikiita cha kweli.

Sasa, swali lako. Ipi ni sahihi?

Ya kupampu ndiyo mama wa zote. Scipione Riva-Rocci, daktari Mwitaliano, ndiye aliyetengeneza ile ya mkanda wa mkononi na zebaki mwaka wa 1896. Mwaka wa 1905 Nikolai Korotkoff, daktari wa upasuaji huko St Petersburg, akaonyesha kwamba ukiweka stetoskopu juu ya mshipa chini ya mkanda na kuachia hewa polepole, utasikia damu ikigonga. (Sisi wa Kisumu, ambao hospitali yetu kubwa tunaiita Russia mpaka leo kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga, huwa napenda kuwakumbusha wauguzi wachanga kwamba hata sauti wanayoisikiliza ni ya Mrusi.) Mlio wa kwanza ni namba ya juu. Sauti inapopotea ni namba ya chini. Ndiyo maana daktari wako alisema masikio, na hakusema uongo: mashine za betri zenyewe, kabla ya kupewa cheti, hulinganishwa na masikio ya watu wawili waliofunzwa.

Yako haisikii chochote. Yenyewe huhisi mtetemo wa hewa ndani ya mkanda kila moyo unapopiga. Mtetemo huanza mdogo, ukakua, ukafika kilele, ukafifia. Kile kilele kinalingana na presha ya wastani ndani ya mshipa. Namba ya juu na ya chini haipimi moja kwa moja. Huzitoa kwa hesabu, na kila kampuni ina hesabu yake ambayo haitoi nje. Hii ndiyo sababu mashine mbili za betri za kampuni tofauti, kwenye mkono uleule, zinaweza kupishana. Wasiwasi wa daktari una mizizi basi, wala usimwone mjinga.

Ila ya mkono nayo ina magonjwa yake, na hayo hakuyataja. Anayepima anatakiwa kwanza kushika mshipa wa kifundo cha mkono, apampu mpaka mapigo yapotee, aongeze 30, kisha aachie hewa kwa mwendo wa milimita 2 (ndicho kipimo cha hizi namba za presha) kila sekunde. Kutoka 180 hadi 80 kwa mwendo huo ni karibu dakika nzima. Nani mwenye dakika nzima akiwa na watu arobaini kwenye benchi? Hewa ikifunguliwa kwa haraka, mlio wa kwanza hupita bila kusikika, na namba ya juu huandikwa chini ya ilivyo. Tena zile za zebaki ambazo sisi tulifunzwa nazo zimeondolewa. Nchi zilikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa 2013 kwamba kufikia 2020 vifaa hivyo visitengenezwe wala kuuzwa nje, kwa sababu ya sumu ya zebaki. Zilizobaki vituoni nyingi ni za saa na mshale. Hizo zikianguka mara moja tu sakafuni zinaweza kupotoka, na zinahitaji kupelekwa kurekebishwa kila baada ya miezi kadhaa. Ukiona mshale hauketi penye sifuri mkanda ukiwa mtupu, kifaa hicho ni kibovu. Na ukiketi penye sifuri, bado hujathibitisha kitu.

Kwa hiyo mikononi mwa mtu aliyefunzwa, mwenye nafasi, masikio mazuri na kifaa kilichorekebishwa, ningechagua ya kupampu. Kwa kazi yako ya mlango kwa mlango, ningechagua ya betri iliyopimwa na kupita majaribio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mashine za betri mwaka wa 2020 kwa kufikiria hasa sehemu kama zetu. Usitoe posho yako kununua ya kupampu. Bila mafunzo na bila mtu wa kuirekebisha utakuwa umenunua mashaka mapya.

Hapa sasa nitakuambia jambo ambalo halitakufurahisha. Sidhani mashine yako ilikosea sana kuliko wewe ulivyoitumia.

Mama ametoka kubeba gunia. Ameketi kwenye kreti, mgongo hauna pa kuegemea. Mkono sijui ulikuwa wapi, hukuniambia, nadhani ulining'inia au ulilala pajani. Mkanda juu ya sweta. Mnaongea. Kila moja ya hizo ina bei yake. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2024 uliwapima watu walewale mkono ukiwa mezani, ukiwa pajani na ukining'inia: wa pajani uliongeza karibu 4 kwenye namba ya juu, wa kuning'inia ukaongeza karibu 7. Kuongea tu kunaweza kuongeza kama 10. Kibofu kilichojaa nacho kinapandisha, na akina mama wa soko hukaa na mkojo siku nzima kwa kukosa choo cha maana, mimi na wewe tunalijua hilo.

Na halafu mkanda. Umesema mama ana mwili. Kile kifuko cha hewa ndani ya mkanda kinatakiwa kizunguke angalau asilimia 80 ya mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu, kila mara, iwe ni wa betri au wa kupampu. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2023 uliwafunga mkanda wa kawaida watu waliohitaji ule mkubwa zaidi, na namba ya juu ikapanda karibu 20. Ishirini! Hiyo peke yake inatosha kukutoa 142 mpaka 162. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma kwenye mkanda wako. Umeandikwa sentimita unazofaa, kwa kawaida 22 hadi 32. Mkono wa huyo mama ukiwa 36, hapakuwa na namba ya kweli hapo tangu mwanzo. Mwombe msimamizi wako mkanda mkubwa wa mashine hiyohiyo, wa kampuni hiyohiyo, usiazime wa nyingine. Mpaka uupate, wenye mikono minene waandikie kwenye fomu kwamba mkanda haukutosha, ili kituoni wajue.

Kuanzia wiki hii, ukiingia nyumbani kwa mtu, mashine ibaki mkobani kwanza. Uliza habari za watoto, za chakula, za dawa, mtu akiwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne. Muulize kama amekunywa chai au kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na kama anataka kwenda chooni aende. Hayo mazungumzo yakishapita, nyamazeni dakika tano. Toa sweta kabisa; kuikunja ikabana mkono wa juu ni vibaya pia. Mkono juu ya meza, mkanda usawa wa moyo, na wewe pia kimya. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili kama zilivyo. Najua ni dakika kumi na kitu kwa kila mtu. Utafikia nyumba chache kwa siku.

Huyo mzee wako wa 71 amenipa wasiwasi zaidi ya mama mboga. Mashine inayoandika kosa kila mara kwa mtu mmoja tu, halafu ikatoa namba zinazoruka kutoka 118 hadi 151, mara nyingi inakuambia habari za moyo wake. Hesabu ya betri hutegemea mapigo yanayokuja kwa mpangilio. Moyo ukipiga ovyo, mara mbio mara ukakawia, mashine huchanganyikiwa. Mshike kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima ukitazama saa. Ukiyasikia hayana mpangilio, andika hivyo kwenye rufaa na umpeleke apimwe kwa mkono, mara tatu, na apimwe umeme wa moyo. Moyo wa namna hiyo unaweza kutengeneza bonge la damu likaenda kwenye ubongo, na kuna dawa ya kuzuia. Hapo masikio ya daktari yanashinda betri yako mbali sana. Usingoje mwezi ujao, nenda kesho.

Wajawazito pia. Kuna mashine za betri zinazosoma chini ya ilivyo kwa mama aliyeanza presha ya ujauzito, labda iwe imejaribiwa kwa wajawazito. Mama mjamzito akikuambia kichwa kinamuuma sana, macho yana ukungu, uso na mikono imevimba au anaumwa juu ya tumbo, mpeleke hata mashine ikisema 118/74. Na kwa mtu mwingine yeyote, ukiona 180 juu au 120 chini, mpumzishe dakika tano urudie; ikibaki hapo aende kituoni siku hiyohiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito au upande uliolegea, usirudie kupima, tafuta gari.

Zile za kifundo cha mkono na programu za simu zinazosema zitasoma presha kwa kidole, wakikuuliza, wakataze tu.

Hofu yako ya kwamba mashine ni mbovu inaweza kupatiwa jibu. Soma jina na namba ya modeli chini yake, utafute kwenye tovuti ya STRIDE BP, ambako huorodheshwa mashine zilizopita majaribio. Majaribio hayo huhitaji watu wasiopungua 85, na tofauti ya wastani na masikio isizidi 5. Weka betri mpya, zile dhaifu huleta visa. Kisha ipeleke kwa daktari yuleyule.

Ndiyo, yuleyule. Nenda alasiri foleni ikiwa imeisha, usiende asubuhi. Usiende kumweleza alivyokosea. Mwambie, “Daktari, ulisema mashine yangu ni ya kubahatisha, naomba unisaidie kuijua.” Mtafute mtu mmoja mwenye mkono unaotosha mkanda, aketi vizuri, mpime mkono uleule kwa zamu: yeye, wewe, yeye, wewe, mkipumzika dakika moja kila mara. Mkipishana ndani ya 5, mashine yako ni nzima. Mkipishana zaidi ya 10, tena kwa watu wawili watatu, mwambie msimamizi aiondoe. Mkiwa kati hapo, rudieni siku nyingine. Nimefanya hivi na madaktari wagumu kuliko huyo. Mtu akishapima pamoja nawe kwa nusu saa, hawezi tena kukuita wa redio mbele ya wagonjwa. Na huenda mkagundua ni saa yake iliyoanguka.

Nyumba nne zilizofunga mlango, zisikukatishe tamaa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo ya juu. Wengi wao hawaumwi popote. Huyo mama mboga hakuumwa.

Kwake rudi wewe mwenyewe, bila mkoba siku ya kwanza. Mpe pole ya siku aliyopoteza, maana ni kweli aliipoteza. Mwambie ulimpima vibaya, akiwa amechoka, na mkanda haukumtosha. Akikubali, nenda na mkanda mkubwa kabla hajaenda sokoni, umpime siku tatu mfululizo asubuhi na jioni, mara mbili kila unapopima. Vya siku ya kwanza viache, vingine vijumlishe upate wastani. Kwa vipimo vya nyumbani mstari ni 135/85. Akiwa chini ya hapo, mpe furaha yake na umrudie baada ya miezi michache. Akiwa juu, muandikie rufaa nyingine yenye vipimo vyote, na safari hii mfuate hadi kwenye benchi.

Niandikie ulichopata, pamoja na unene wa mkono wake na habari za mapigo ya mzee.